Wekeni sindano chini, tazameni saa

Najua nilipotea, test tatu kwa wiki moja, mengine mtajaza wenyewe. Leo nina jambo linanikereketa kooni na silali kabla sijalitoa.

Ile meseji imerudi. Mnaijua: mtu akianguka ghafla mdomo ukapinda, usimsogeze hata kidogo, chukua sindano, ipitishe kwenye moto wa kiberiti, toboa ncha za vidole vyote kumi mpaka damu itoke, halafu vuta masikio yawe mekundu uyatoboe nayo, mgonjwa ataamka mzima. Ni ya tangu zama za barua pepe, kabla hata sijajua kusoma, na haizeeki. Safari hii imetua kwenye grupu la darasa letu na lile neno la "sambaza uokoe maisha". Watu wameweka mikono ya kuomba, wengine wameshaituma nyumbani kwa mama zao. Na sisi ndio wasomi!

Mimi sisomi udaktari, nasoma ualimu, ila somo langu ni baiolojia, kwa hiyo mishipa ya damu nimeichora mpaka vidole vikaota sugu. Msimamo wangu ni huu: ile meseji inaua, na kuna vitu vingine viwili tunavyofanya majumbani kwa upendo kabisa ambavyo vinaua kimya kimya kuliko sindano.

Twende polepole. Kiharusi ni ajali ya mshipa wa damu kichwani. Ubongo ni kama 2% tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu 20% ya oksijeni yote, na hauna stoo ya akiba. Ukikatiwa damu, unaanza kufa muda huo huo. Sasa hiyo ajali iko ya aina mbili. Ya kwanza, ateri imezibwa na donge la damu. Donge laweza kuwa limejitengeneza pale pale kwenye ukuta wa ateri uliojaa mafuta na kuchubuka, au limesafiri kutoka kwenye moyo unaodunda ovyo na kwenda kunasa juu. Ya pili, ateri imepasuka na damu inamwagika ndani ya ubongo. Ukimwangalia mgonjwa kwa nje hizi mbili ni mapacha: uso umeshuka upande mmoja, mkono umelegea, maneno yanatoka kama ya mlevi. Hakuna bibi, nesi wala profesa atakayezitenganisha kwa macho akawa na uhakika. Inayotenganisha ni picha, CT scan.

Sindano inaingia wapi hapo? Matone ya damu ya kidoleni hayana habari kabisa na ateri iliyoziba kichwani. Kinachotokea ni kwamba mnapoteza muda. Kuna hesabu ilichapishwa mwaka 2006 kwamba ateri kubwa ya ubongo ikiziba, seli za neva kama milioni 1.9 zinakufa kila dakika. Haya, sindano itafutwe, kiberiti kitafutwe, vidole kumi, masikio mawili, mbishane nani ana mkono mwepesi. Tuseme dakika 20. Ni neva milioni 38, mtu wangu, mmekaa mnatoboa masikio.

Cha pili ni asprini. Hii inaniuma zaidi maana wanaoifanya ni watu walioenda shule. Wamesikia asprini inayeyusha damu, basi mtu akianguka wanamsagia vidonge viwili. Kwanza haiyeyushi. Inazuia chembe sahani zisishikane, kwa hiyo inapunguza madonge mapya. Pili, ni kweli ni dawa ya kiharusi cha donge: majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 1997, yenye wagonjwa kama 40,000 kwa pamoja, yalionyesha ikitolewa mapema inaokoa watu kama 9 au 10 katika kila 1,000 wasife au wasipigwe tena. Siyo muujiza, ila ni faida ya kweli kwa dawa ya bei ya pipi. Lakini utaratibu ni picha kwanza, asprini baadaye. Maana kama mshipa umepasuka, hizo chembe sahani ndizo zinahangaika kuziba tundu, na wewe umezifunga mikono.

Cha tatu ni uji. Ndiyo, uji. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi koo nalo limepooza, hawezi kumeza sawasawa. Ukimnywesha uji, maji, chai ya tangawizi, sijui maji ya nini, vinakwenda mapafuni, na siku tatu baadaye ana nimonia. Watu wengi wa kiharusi hawauawi na ubongo siku ile ile, wengine wanakuja kuondolewa na nimonia baadaye. Hospitali nzuri inampima kwanza kama anameza ndipo apewe kitu mdomoni.

Kuna mama mmoja jirani na hosteli yetu, huku upande wa Usa River, anatuuzia ndizi mbivu na maparachichi, ananikopesha mpaka bumu litoke. Mwaka jana asubuhi, saa moja hivi, kisu kilimdondoka mkononi. Akaokota, kikadondoka tena. Wakasema umelalia mkono, mama. Akasuguliwa na mafuta. Saa tatu mdomo ukapinda, ikaja asprini, ikaja na uji, akapaliwa mpaka machozi yakamtoka. Akaombewa, na maombi sina ugomvi nayo, yangeweza kufanyika ndani ya gari. Hospitali alifika saa tisa alasiri. Swali la kwanza la daktari lilikuwa dalili zilianza saa ngapi, na hakuna aliyejua kusema. La pili lilikuwa amepewa nini. Picha ikaonyesha damu imemwagika. Asprini ile iliongeza kiasi gani sijui, wala siwezi kuwasema majirani, maana walimpenda yule mama, na hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Amepona kiasi. Anatembea na fimbo, mkono wa kulia umekunjamana. Kilichoharibika zaidi ni maneno. Ukimwambia "shikamoo mama", anajibu "marahaba mwanangu" vizuri kabisa, unafurahi. Ukimuuliza ndizi bei gani, anajibu "marahaba mwanangu". Ukimuuliza ameamkaje, ni hiyo hiyo. Na macho yake yanaonyesha kabisa anajua siyo alichotaka kusema. Wapo vijana wa hapa chuoni wanaenda kumuuliza maswali makusudi wacheke. Hao sina lugha yao. Sehemu ya ubongo inayotunga maneno, ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto, imeumia. Akili yake ipo, kilichokatika ni njia ya kutokea. Salamu za kila siku zinabaki kwa sababu zimezoeleka kama nyimbo, ndiyo maana wengine wenye tatizo hili wanaweza kuimba ubeti mzima wa tenzi na wasiweze kuomba maji.

Rafiki yangu mmoja, mbishi kweli, kaniambia: "Sasa hata akifika mapema, hiyo dawa ya kuyeyusha donge iko wapi? Si ni ya Wazungu?" Swali la haki, nisilikwepe. Ipo dawa ya mshipani inayoyeyusha donge lenyewe, inatakiwa itolewe ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha kuonyesha hakuna damu iliyomwagika. Na kuna kuingiza mrija mwembamba kupitia nyonga mpaka kwenye ateri ya kichwani na kulivuta donge litoke, ambako kwa wagonjwa waliochaguliwa kunaweza kufanyika hata mpaka saa 24. Kwetu vitu hivi ni ghali na haviko kila hospitali. Kutoka Ngarenanyuki nyuma ya mlima mpaka mjini Arusha tu, barabara ile na mvua zile, masaa yanaweza kuisha njiani.

Ila jibu langu ni kwamba dawa hiyo siyo sababu pekee ya kukimbia. Ukifika mapema wanakupima sukari, maana sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana ana kiharusi kumbe anahitaji glukosi tu na anaamka pale pale. Wanaangalia kumeza. Wanashusha presha kwa kipimo chake, siyo kuiangusha ghafla. Wanapiga picha, na siku hizi hospitali za rufaa za mikoa zimeanza kufungiwa CT scan, siyo kama zamani ambapo kila kitu kilikuwa KCMC Moshi au Muhimbili. Wakijua ni donge, asprini inaanza. Wakijua ni damu, asprini inakaa mbali. Wanamgeuza asipate vidonda, wanaanza mazoezi ya viungo mapema. Hayo yote hayahitaji mashine ya mabilioni, na yote yanaokoa watu. Mtu anayesema "dawa haipo, tukae nyumbani" anatupa na hivi vilivyopo.

Halafu, mnajua kwamba utafiti mmoja mkubwa wa kiharusi Afrika ulifanyika jirani yetu kabisa? Ukitoka hapa Usa, ukapita Maji ya Chai, Kikatiti, njia panda ya KIA, unaingia Hai. Kuanzia Juni 2003 kwa miaka mitatu, timu ya akina Richard Walker wa Uingereza na Ferdinand Mugusi wa Muhimbili walihesabu kila kiharusi kwenye vijiji vya Hai na kwenye eneo moja la Dar es Salaam. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa viharusi vipya kama 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka. Dar ilikuwa kama 316. Karibu mara tatu! Ile ya Dar ilikuwa juu kuliko nchi nyingi tajiri. Yaani ule usemi kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu wanene tuuzike kwa heshima.

Ila kilichonichekesha, na kunifikirisha, ni utafiti mwingine wa timu hiyo hiyo waliouliza watu wanaamini kiharusi kinatokana na nini. Ungedhani kijijini ndiko watasema uchawi. Wapi! Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta, mawazo. Dar ndiko walikotaja majini na kurogwa. Watu wa mjini tuna madharau sana kwa bibi zetu, kumbe bibi wa Machame anajua zaidi ya jamaa wa Dar mwenye simu mbili.

Na presha ndiyo baba wa hii habari yote. Utafiti mwingine wa Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu 7 kati ya 10 ya wazee wa miaka 70 na kuendelea wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Ukuta wa ateri unaogongwa na presha ya 170 kila sekunde kwa miaka kumi, ama unakomaa na kuziba, ama unachakaa na kupasuka. Aina zote mbili za kiharusi zinatokea mlango huo mmoja. Ndiyo maana nasema tungeweza kuacha kubishana kuhusu dawa ya mamilioni tukahangaika na mashine ya presha.

Tatizo letu na presha ni kwamba haiumi. Mzee anapewa vidonge, anameza wiki mbili, kichwa kinatulia, anasema nimepona, anaacha. Kisha anameza siku akiumwa kichwa, kama Panadol. Nimewaza sana kwa nini, na nadhani jibu liko Loliondo. Mwaka 2011 mimi nilikuwa darasa la kwanza, nakumbuka magari tu yakipita kwenda Samunge, hapa hapa mkoani kwetu, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe kimoja, shilingi 500, presha, kisukari, UKIMWI, vyote. Watu walitoka nchi jirani. Wengine waliacha dawa zao hospitali. Mwasapila alifariki Julai 2021 na kuna watu wanamcheka mpaka leo, lakini mimi simcheki yeye wala waliokwenda. Kikombe kile kiliuza kitu ambacho hospitali haina, nacho ni mwisho. Unakunywa mara moja, yamekwisha. Hospitali inakuambia kidonge kila siku mpaka unazikwa, na faida yake ni jambo ambalo halitatokea. Nani anafurahia kununua kitu ambacho kazi yake ni jambo lisitokee? Mpaka manesi na madaktari wetu wajue kuliongea hili kwa lugha ya mtu aliyekaa foleni tangu saa kumi na mbili, wazee wataendelea kutafuta kikombe. Na kidonge chenyewe cha siku moja, mara nyingi, ni bei ndogo kuliko chipsi kavu.

Kuhusu chumvi sitasema mengi, mnajijua. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, chumvi yote, na ile ya kwenye chipsi ikiwemo. Nimemwona kijana wa chipsi pale stendi akinyunyiza kama anapanda mtama.

Sasa msidhani ni mambo ya wazee tu. Hapa ndipo nataka wa rika letu mnisikie. Tanzania kila mwaka wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu, siko seli mnavyoiita, na seli zao zenye umbo la mundu zinaharibu ateri za ubongo. Mtoto wa miaka saba anapata kiharusi! Mwaka 1998 Marekani walionyesha kwamba watoto wenye hatari kubwa, wakigunduliwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kichwani kisha wakawa wanaongezewa damu mara kwa mara, hatari inashuka kwa 92%. Kwetu damu ya kuongeza kila mwezi ni mgogoro, ila dawa ya haidroksiyurea inasaidia na inameza kila siku nyumbani.

Kuna wale waliougua mafindofindo utotoni hayakutibiwa, yakaleta homa ya baridi yabisi, ikala valvu za moyo. Ana miaka 24, anapanda ngazi za hosteli anahema, tunamwambia ana uvivu. Ndani ya moyo ule damu inazunguka bila kutoka, inaganda, siku moja kipande kinaruka juu. Kuna VVU, ambayo kule Hai na Dar ilionekana wazi kuwa kati ya vitu vinavyoongeza hatari, pamoja na sigara. Kuna kifafa cha mimba. Na kuna ugonjwa wa Hughes, umepewa jina la daktari Graham Hughes aliyeueleza London mwaka 1983: kinga ya mwili yenyewe inatengeneza askari wanaoichochea damu igande, kwenye vena na kwenye ateri. Dada aliyepoteza mimba mara tatu, au aliyepata donge la mguu, kisha akapata kiharusi akiwa na miaka 30, huyo asiambiwe ametupiwa kitu na wifi yake. Apimwe damu, na akikutwa nao apimwe tena baada ya wiki 12 kuhakikisha, maana matokeo ya mara moja hayatoshi.

Hao wa valvu na wa Hughes wengi wanaishi kwa warfarini, na hapo nina neno. Warfarini ni dawa nzuri yenye wivu. Inataka kipimo cha INR mara kwa mara, wengi wanatakiwa wawe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda, juu sana wanavuja. Watu wanawaambia "usile mboga za majani kabisa". Uonevu huo. Vitamini K ya kwenye mchicha, mnavu, figiri na sukuma inapunguza nguvu ya dawa, kweli, ila kinachotakiwa ni kula kiasi kile kile wiki hadi wiki, siyo kula mnavu bakuli zima Jumamosi baada ya mwezi bila jani. Hatari kubwa zaidi iko duka la dawa. Tumbo likivuruga, mtu ananunua Flagyl bila kuuliza, na Flagyl inaipandisha warfarini mpaka mtu anaanza kutoka damu kwenye fizi. Ukimeza warfarini mwambie muuzaji kabla hajafungua kopo.

Hata Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999 akiwa hospitali ya St Thomas' London kwa kansa ya damu, taarifa zilisema kiharusi kikubwa ndicho kilichomzidisha siku zile za mwisho. Hatukuwa tumezaliwa, lakini wazee wetu wakilitaja neno hilo utaona wanashusha sauti.

Kwa hiyo kwenye grupu nimeweka maneno yangu badala ya ile ya sindano, mnaweza kuyachukua: mwambie atabasamu, uone kama uso umeshuka. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone upi unaanguka. Mwambie aseme sentensi moja. Kimojawapo kikiwa hovyo, tazama saa, andika mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi, mlaze kwa ubavu kama amezimia, usimpe kitu mdomoni, tafuta gari. Na dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika kumi, bado mpeleke, maana hiyo inaweza kuwa hodi ya kiharusi kinachokuja siku zile zile.

Hapa hosteli tumechanga watu tisa tukanunua mashine ya presha ya mkononi. Iko chumba namba 14, betri mpya. Ukija, uwe umekwenda haja ndogo, usiwe umetoka kunywa kahawa wala kuvuta, kaa dakika tano kimya, miguu chini, mkono juu ya meza. Tunapima mara mbili. Likizo hii naipeleka nyumbani wiki ya kwanza, wiki ya pili inakwenda Ngaramtoni kwa akina mwenzangu, wa wiki ya tatu ajitokeze mapema.